Magogo Yaliyofungwa Kanga

Nianze na aibu yangu, niimalize, kisha nipumue: mie kuni sizijui. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimesifiwa na ukoo mzima, kuanzia hapa Sib, pwani ya Omani, mpaka kwa jamaa zetu wa Matrah, kwamba hakuna mwenye jicho la kuni za shuwa kama mimi. Mashemeji wakija kuniuliza, nami nikikunja uso, nikisema huu ndio, ule sio, halafu nikiondoka mikono nyuma. Uongo mtupu. Aliyekuwa akizijua kuni ni mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na siri hiyo tulikuwa nayo sisi wawili tu.

Kwa asiyejua, shuwa ni nyama yetu ya Idi. Karibu na shamba letu dogo, nyuma ya Sib kuelekea milimani, kuna shimo lililojengewa mawe, kina chake kinampita mtu mzima, na nyumba zote za ukoo zinalitumia hilo hilo. Siku ya Idi linajazwa kuni na kuwashwa mpaka zote ziwe makaa mekundu. Nyama imeshalala kwenye viungo, siki na thomu tangu jana yake. Inafungwa katika vikapu vya makuti, kila nyumba na alama yake, inashushwa shimoni, shimo linafunikwa kwa bati na kuzibwa kwa udongo, na hapo tena ni kusubiri mpaka kesho yake alasiri. Makaa yakiwa mazuri, nyama inatoka imejivua mfupa yenyewe. Kuni zikiwa nyepesi, zikageuka majivu kabla ya wakati, nyama inatoka mbichi, na mwenye dhamana ya kuni hajui pa kuuficha uso wake mwaka mzima.

Kuni zenyewe ni za mgunga, ambao hapa tunauita samri, au za mkunazi uliokauka barabara. Sasa mie ningezijulia wapi? Nimezaliwa mjini Unguja, nyumbani tukipikia makaa ya gunia na jiko la mafuta ya taa, nikaja Maskati kijana, nikaajiriwa serikalini, nikakaa mezani mpaka nywele zikaniondoka. Mke wangu yeye alizaliwa bara, upande wa Tabora, ambako wazee wake walikuwa na duka kijijini, na tangu mdogo akienda kuokota kuni na wenzake. Alikuwa akinicheka. Akisema sisi watu wa Unguja mti tunaujua ukishakuwa mlango.

Basi kila mwaka, siku chache kabla ya Idi, baada ya sala ya alfajiri tukitoka mimi na yeye kwenda wadi, yaani bonde la mto mkavu linalopita nyuma ya shamba, ambako mbuzi wake walikuwa wakilishwa. Jamaa wakidhani anakwenda kuwatazama mbuzi. Yeye anatangulia na jiwe mkononi. Anagonga gogo, anasikiliza, anagonga tena. Likitoa sauti ya kushiba, analifunga kitambaa alichokichana kwenye kanga kuukuu. Likitoa sauti ya uwazi, analipita kama halioni. Mie nyuma na shoka na pikapu, nachukua yaliyofungwa tu, hayo mengine sina habari nayo. Vile vitambaa navifungua, natia mfukoni, navirudisha nyumbani, yeye anavifua na kuviweka kwenye kopo la biskuti mpaka mwaka wa pili. Hata watoto wetu hawakujua. Nilimwapisha asimwambie mtu. Nilikuwa naona haya, mwanamme mzima kuchaguliwa kuni na mke, na yeye akaniachia sifa zote miaka yote hiyo, akikaa na wanawake wenzake wanakula, mtu akisema kuni za mwaka huu zimefanya kazi, yeye anainama tu anachambua nyama.

Alipofariki, Idi ya mwanzo nilisema mgongo unaniuma. Wakanunua kuni za barabarani, nyama ikatoka nusu mbichi, na watu wakasema, mnaona, bila ya yule mzee mambo hayendi. Na mie nikazipokea hata sifa hizo. Ndivyo nilivyo.

Lakini kuni si jambo lililokuwa likinila moyo. Lililonila ni binti yetu, kitindamimba. Mama yake alipolazwa, yeye alikuwa ng'ambo anasoma, amebakisha mitihani ya mwisho. Kila akipiga simu akiniuliza, baba, nije? Nami nikimjibu, usije, maliza mtihani wako, mama anaendelea vizuri. Nilimwambia hivyo mara tatu. Mara ya tatu mama yake alikuwa hafumbui macho tena. Sikumdanganya kwa ubaya, Wallahi. Niliogopa kwamba nikitamka neno njoo, ndio nimekubali kuwa mke wangu anakwenda. Aliposhuka kwenye ndege, tulikuwa tumeshazika jana yake.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, tukagombana, yakaisha. Alirudi akakaa nyumbani na mimi, sisi wawili katika nyumba ya vyumba vingi, na mazungumzo yetu yakawa chai ipo, funguo ziko wapi, leo kuna vumbi nje. Akipita sebuleni anasalimia vizuri, shikamoo baba, kwa adabu zote, na adabu ile ndiyo iliyonichoma. Mtoto huyu zamani akinitania mpaka nakasirika.

Na alichorudi kukifanya, hicho nacho kilinishinda. Alikuwa amesomea wadudu. Nikifikiri labda nzige, labda mbu, kitu chenye maana kwa serikali. Kumbe wadudu wa kuni kavu. Wale wanaoishi ndani ya mti uliokufa, au upande uliokufa wa mti ulio hai. Alijiandikisha chuo kikuu hapa kuendelea na masomo ya juu, akaanza kuniletea nyumbani vipande vya miti ndani ya ndoo zilizofunikwa chandarua, ukikaa karibu unasikia krr, krr, kitu kinatafuna. Nilimwambia shangazi yake kwenye simu, kwa sauti ya makusudi ili mwenyewe asikie, kwamba nimesomesha mtoto mpaka ng'ambo, kaniletea funza sebuleni. Siku ya pili ndoo zote zilikuwa zimehamia shambani. Nikajuta, lakini si mtu wa kuomba radhi haraka mie.

Mungu akaniletea fundi wa magari mvivu. Gari ya binti iliharibika, fundi akaishikilia karibu mwezi, na mie nikawa dereva wake wa kumpeleka wadi asubuhi na kumrudisha kabla jua halijakali. Siku za mwanzo nilikaa garini nikisoma habari kwenye simu. Siku ya tatu joto la garini likanitoa. Nikamfuata, na kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikamuuliza, huyo unayemtafuta ni nani hasa?

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona si mzaha, alisema mpaka tukafika nyumbani anasema bado. Sijapata kusikia maneno mengi vile kutoka kwake tangu msiba.

Alinionyesha mgunga mmoja mkongwe, nusu yake majani, nusu yake mifupa. Nilikuwa nimeupita mti ule miaka yote na nikiona nusu moja tu, ile ya majani. Yeye akinionyesha ile nyingine. Hapa chini ya gome, akasema, anakaa wa kwanza, anakula utamu uliobaki mti unapoanza kufa. Gome likibanduka, huyo anahama, anaingia wa pili anayependa mbao ngumu. Matundu ya duara ni ya ukoo mmoja, matundu yaliyobonyea mithili ya yai ni ya ukoo mwingine. Nyuki huyu mweusi mnene anatoboa nyumba yake hapa, kisha akiondoka wapo wadogo wanaoipanga. Wako wanaokula mbao, na wako wanaokula wanaokula mbao. Na ndani kabisa, mti ukishakuwa na uwazi na unga wake umekusanyika chini, wanakaa ambao huwaoni popote pengine. Wengi ni wale wenye mbawa ngumu za juu, mbawakawa, na wengine wanang'aa kama kikuku kipya.

Nikamwambia mbona sijapata kuwaona. Akasema wanaishi humo ndani wakiwa funza miaka miwili, mitatu, wengine zaidi, wakitafuna gizani, halafu wanatoka nje wiki chache tu, wanaruka, wanaoana, wanakufa. Kumwona mmoja akitoka kwa macho yako mwenyewe ni bahati. Yeye mwenyewe alikuwa hajapata bahati hiyo. Siku zote akikuta tundu tupu, mwenyewe kashaondoka.

Nikauliza na hawa mbuzi? Kwa sababu walikuwa wametuzunguka, mbuzi wa mke wangu na wa majirani, mmoja kapanda mpaka kwenye tawi. Nilidhani atasema ni adui. Hakusema hivyo. Alisema mbuzi wanaifanya wadi iwe wazi, miti inakaa mbalimbali, jua linalipiga shina, na wadudu wake wanapenda gogo lenye jua. Mbuzi wakiondolewa kabisa, panajifunga. Lakini mbuzi hao hao wanatafuna kila mche unaoota, kwa hiyo miti iliyopo ni mizee mitupu, na baada yake hakuna vijana wa kushika nafasi. Na watu wa mjini wakija kuchoma nyama siku ya Ijumaa wanazoa kila tawi lililoanguka, wakiamini wanasafisha. Akasema, "Baba, mti ukifa, kazi yake ndo kwanza imefika nusu." Tulikuwa tumesimama chini ya mkunazi mkubwa wa wadi, na majani ya kumwoshea mama yake alipofariki yalichumwa pale. Yeye hakujua, na mie sikumwambia siku ile.

Basi ikawa raha yangu kumpeleka. Nakiri, nilikuwa nikiomba ile gari isipone. Nilijifunza kushika chandarua kwa upande, nilijifunza kutopiga chafya karibu na vichupa vyake. Siku moja alinicheka kidogo nilipomkimbia nyuki, na mie nikarudia kumkimbia nyuki asiyekuwepo ili anicheke tena. Lakini la simu zile tatu hatukuligusa, na ndilo nililotaka. Nilitaka mtoto huyu aseme kwamba amenisamehe, na sikujua wapi pa kuanzia.

Gari ikapona. Idi ikakaribia. Binti akaenda milimani kwa siku kumi na wenzake wa chuo kutazama miti ya huko, akaniachia salamu tu niwatazame mbuzi. Asubuhi moja nikaenda wadi peke yangu, na roho nzito, kwa sababu jamaa walikuwa wameshaniuliza mgongo wangu safari hii ukoje, na mie nimeshajibu mzima kabisa. Kuni nitazipata wapi? Nikawa natembea tembea na jiwe mkononi, nagonga hili, nagonga lile, yote naona sauti moja.

Nikaona kitambaa.

Kilikuwa kimefungwa kwenye gogo la mgunga, fundo mara mbili. Chekundu, na kipande cha pindo jeusi. Kanga ile niliijua hata ungenifumba macho. Ilikuwa kanga yake ya kushindia nyumbani, ilichanika ubavuni na yeye hakuitupa. Nikasogea mbele, nikaona cha pili. Na cha tatu. Magogo mengi, kila moja na kitambaa chake, mpaka kwenye tawi kubwa la ule mkunazi lililovunjika na kulala chini.

Nilikaa juu ya mawe nikalia. Nililia kwa sauti, hapakuwa na mtu, walikuwa mbuzi tu. Kwa sababu nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mama yake alimwambia. Kabla hajafa, kwenye simu, alimwambia siri yetu: baba yako kuni hazijui, mwangalie. Na mtoto, pamoja na yote niliyomfanyia, amepita hapa kabla ya safari akanichagulia kuni zangu kama alivyokuwa akifanya mama yake. Hakunisemea kitu, kama mama yake alivyokuwa hasemi. Nikajisemea, huyu kashanisamehe.

Niliyabeba yote kwa siku mbili, mgongo mzima kweli. Nikayagonga shambani kama nilivyokuwa nimemwona mke wangu akigonga, na safari hii, kwa kuwa yalikuwa pamoja, nikaisikia tofauti. Mengi yalishiba. Matatu yalitoa sauti ya uwazi, moja likiwa lile tawi la mkunazi, na nilipolitikisa likamwaga unga. Nikatabasamu. Nikasema masikini mwanangu, bado hajazijua vizuri, amepatia mengi lakini haya matatu yamemponyoka. Nikayatupa nyuma ya zizi la mbuzi. Vitambaa nikavifua, nikavipiga pasi, nikavitia kwenye kopo la biskuti, kimoja nikabaki nacho mfukoni.

Alirudi siku moja kabla ya Idi, amechoka, akaingia moja kwa moja jikoni kwa shangazi zake kwenye viungo. Siku ya Idi tukawasha. Makaa yale sijapata kuyaona; mekundu, yametulia, mpaka wazee wakaja kuyatazama. Kesho yake alasiri tukafukua. Nyama ilitoka inaanguka yenyewe, na harufu ikajaa shamba zima. Tukakaa kwenye mikeka, nyumba zote, na sifa zikaanza, mashallah, mkono wa mzee umerudi.

Na mie, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikafanya jambo ambalo sikulifanya miaka thelathini. Nikawanyamazisha. Nikasema leo msinisifu mimi, aliyezichagua kuni hizi ni binti yangu huyu. Nikakitoa kile kitambaa mfukoni nikakinyanyua juu.

Alikuwa anamimina chai. Akaiweka birika chini taratibu.

"Baba, hicho umekitoa wapi?"

Nikamwambia, kwenye magogo, mwanangu, magogo yote uliyonifungia. Nilikuwa bado nachekelea. Nikauona uso wake unabadilika, na kicheko changu kikakosa pa kwenda. Akasema kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie, kwamba yale yalikuwa magogo yake ya kazi. Ameyafuatilia tangu mwaka jana, anajua nini kimeingia katika kila moja, na alikuwa akisubiri joto lianze ayafunike chandarua aone nini kinatoka. Alivifunga vitambaa mtu asiyaguse. Kisha akainua birika, akaendelea kuwamiminia chai shangazi zake mpaka wa mwisho, akainuka, akaondoka na gari yake kurudi nyumbani.

Sijui nilimaliza vipi karamu ile. Watu wakinisogezea vipande vinono na mie nameza kama dawa. Nilikuwa nimekula mwaka mzima wa kazi ya mwanangu, na kila jamaa yangu alikuwa anakula, na wanasema tamu.

Nilipofika nyumbani mlango wa chumba chake umefungwa. Nikavuta kiti nikakaa nje, nikasema na mlango. Nilimweleza yote: kwamba mie kuni sizijui na sijapata kuzijua, kwamba ni mama yake, jiwe, vitambaa, kopo la biskuti, kwamba nilimwapisha mama yake kwa kiburi changu, na laiti nisingemwapisha, nyumba nzima ingejua maana ya kitambaa cha kanga kwenye gogo na haya yasingetokea. Mlango ukafunguka.

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Nilitumia kanga ya mama kwa sababu nilijua katika nyumba hii hakuna atakayethubutu kuigusa."

"Na mie niliigusa kwa sababu nilidhani umenisamehe."

Hakuniuliza anisamehe nini. Alikaa chini, pale pale kizingitini, magoti kifuani, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Akasema hakukasirika kwa mtihani wala kwa simu. Alisema ungeniambia njoo tu, baba, hata kama nisingewahi, ningekuwa njiani. Ningefiwa nikiwa njiani kwenda kwake, si nimekaa kwenye meza ya mtihani najibu maswali. Nilitaka kusema niliogopa, na nikasema. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia nimekusamehe, na mie sikuomba tena.

Kisha nikayakumbuka yale matatu. Nilishituka mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia yapo magogo sikuyachoma, mabovu, nimeyatupa nyuma ya zizi, sijui kama yana faida yoyote kwako. Akanitazama.

"Mabovu vipi?"

Nikamwambia yana uwazi ndani, yanamwaga unga. Alikuwa ameshashika funguo.

Tulifika jua halijazama. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama juu ya tawi la mkunazi kana kwamba wamepewa zamu ya kulilinda. Akawafukuza, akapiga magoti, akaweka sikio. Akaniashiria na mie niweke. Nikalala kifudifudi na kanzu yangu ya Idi kwenye mavi ya mbuzi, nikasikia: krr, krr. Akanong'ona kwamba hili ndilo lililokuwa na wengi kuliko yote, yale mengine yaliyoshiba yalikuwa bado mapya, wapangaji ndo kwanza wanaingia. Nikasema kwa sheria ya mama yako haya hayafai. Akasema kwa sheria ya mama haya ndiyo yamepona, na akacheka, na kucheka kukageuka kulia, akaegemea bega langu. Ndipo nilipomwambia habari ya majani ya mkunazi ule. Tulikaa pale mpaka adhana.

Alikwenda kwa walimu wake akawaeleza msiba wake mpya. Sijui aliwaambia baba yake kayala magogo au alinisitiri. Walimruhusu aanze upya na yale matatu na kuongeza mengine, mwaka mmoja zaidi. Tuliyarudisha wadi pale pale yalipolala, tukayashonea chandarua, mie nikishika sindano na yeye akivuta uzi. Na kwa kuwa sina kazi, nikawa mlinzi. Kila asubuhi nakwenda na kiti changu cha kukunja na chupa ya chai, nawafukuza mbuzi, natazama, naandika kwenye daftari: leo hakuna. Mashemeji walinipitia siku moja wakaniuliza nafanya nini. Nikawaambia nawalea wajukuu. Nikawaambia pia, siku hiyo hiyo, nani aliyekuwa akichagua kuni miaka yote. Mkubwa wao akasema wanawake walikuwa wanajua siku nyingi. Ala. Kumbe nilikuwa najificha peke yangu.

Joto likaingia. Siku hiyo binti alikuwa chuoni, amekalishwa na walimu wake kutetea alichokiandika mpaka hapo, kikao alichokuwa akikiogopa wiki nzima. Mie nipo wadi. Nikalitazama tawi la mkunazi, nikaona unga mwembamba unatoka mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Nikasogeza miwani. Tundu dogo lilikuwa linafunguka, na ndani yake kitu kinatafuna, kinapumzika, kinatafuna. Nikaona ncha ya pembe, nyeusi, imetokeza ikapapasa hewa, ikarudi ndani.

Nikashika simu. Nakwambieni ukweli, maneno yale yale yalinijia mdomoni. Yuko kwenye kikao, mwache amalize. Ni mdudu tu, nitampiga picha, nitamwonyesha. Usije, mambo ni mazuri. Na tundu linazidi kupanuka.

Nikapiga. Alipokea kwa kunong'ona, nikasikia watu nyuma yake. Sikumwamkia, sikumuuliza kikao kinaendaje.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo sasa hivi."

Hakuuliza. Nikasikia kiti kinasukumwa. Nikakaa mbele ya gogo, nikiongea na yule mdudu kama mwendawazimu, nikimwomba taratibu, ngoja, anakuja, yuko njiani. Alitoa kichwa. Alitoa mguu mmoja. Akakwama, akapumzika, na mie napumzika naye. Nikasikia gari, nikasikia mlango haufungwi, nikasikia anakimbia kwenye changarawe na viatu vyake vya kikao.

Alipiga magoti kando yangu, anahema. Mdudu alikuwa nusu nje, wa kijani, ananing'inia kwenye mwanga. Binti akanishika mkono.

Safari hii aliwahi.